Barua kwa Dada, Nakala kwa Mkubwa

Intaneti ilipofika Kilwa Masoko, mimi nilikuwa mwalimu katika kijiji cha Pande. Mwenye duka la intaneti ndiye aliyenifungulia barua pepe, akanichagulia na neno la siri. "Wateja wote nimewapa hilohilo, mwalimu, msije mkasahau."

Nikamwandikia dada yangu wa Dar es Salaam kwamba mkubwa mmoja wa wilaya ameezeka banda lake la kuku kwa mabati ya shule yetu. Siku ya tatu mkubwa huyo, naye mteja wa duka lile, akaniita ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Nani kakwambia mabati yako kwangu?"

"Mimi nilimwambia dada yangu tu, mzee. Ndiye aliyekuja kukwambia?"

Akakohoa, akasema serikali ina masikio. Nikaaga, nikarudi Pande. Lakini Jumatatu mabati yaliletwa shuleni, mengine yana kinyesi cha kuku. Barua zangu tatu rasmi kwa ofisi ileile hazikuwahi kujibiwa.

Basi neno la siri sikulibadili. Wiki iliyofuata nilimwandikia dada habari za kisima chetu kilichoharibika, kwa herufi kubwa.