Msusi wa Nyamianda anamtafuta Mama Iko

Saa moja asubuhi, Jumamosi. Jua linachungulia juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na kwenye mkeka wa Gloriose Ndihokubwayo kichwa cha kwanza kimeshabanwa katikati ya magoti. Ni kichwa cha Apollinarie, msichana wa miaka minane mwenye nywele nzito na uvumilivu mwepesi. Wasichana wengine watano wameegemea ukuta wakingoja zamu.

"Tulifika wapi?" anauliza Gloriose, akikata uzi mweusi kwa meno.

"Mapasa iko ku muto," wanajibu kwa pamoja.

Mapasa ni pacha, Bukuru na mdogo wake Butoyi, mashujaa ambao hapa mtaani Nyamianda, mjini Uvira, hakuna mtoto asiyewajua. Ngoma ya shule yao iliibwa, nao wanaisaka kutoka ufukweni hadi milimani. Kila Jumamosi huwa na kipande chake, na sasa ni mwaka wa tatu. Ngoma yenyewe imeshapatikana mara kadhaa ikaibwa tena, maana Jumamosi haziishi na nywele haziachi kuota.

Gloriose, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, mtaani huitwa Mama Generose, kwa jina la binti yake wa pekee. Alianza kusuka kwa shida. Mume wake, mpima pamba wa Luvungi, alifariki kwa homa mwaka wa uhuru.

"Bantu balikuwa banacheza ya uhuru, minye nilikuwa mu matanga," anasema. "Kisha matanga yakaisha, na mutoto anataka kula. Nilikuwa najua kusuka tu. Nikasuka."

Malipo ni makuta matano kwa kichwa. Asiye nayo huleta unga, au ndagala, dagaa wa ziwani, wa kutosha mboga ya jioni. Siku ya mvua husuka kichwa cha Generose peke yake, naye halipi.

Hadithi alizianza kwa sababu moja tu: mtoto hatulii. Ukimvuta nywele atalia, ukimkemea ataondoka na nusu ya kichwa. Lakini ukimwacha Bukuru amening'inia mtini na chui yuko chini, mtoto huyo atakaa kama alivyopigiliwa misumari.

Ana desturi nyingine, nayo ndiyo iliyomleta mwandishi huyu mkekani. Msichana anayetulia mpaka uzi wa mwisho hupewa zawadi ya kuingia kwenye hadithi. Haruhusiwi kuwa Bukuru wala Butoyi, kwa kuwa nafasi hizo zina wenyewe. Anakuwa mpita njia: mwenye kuwapa chumvi, mwenye kuwaambia kwamba daraja limechukuliwa na maji, au bibi anayewagombeza kwa kukanyaga maharage yake.

Mgeni angedhani watoto watanung'unika. La hasha. Wanagombania chumvi ile kuliko ushujaa wote wa pacha. Aliyewahi kuwa bibi wa maharage huitwa Bibi wa Maharage wiki nzima shuleni, na hutembea kifua mbele.

"Mapasa ni babili tu," anaeleza Gloriose. "Bantu ba mu njia ni bengi. Na kila muntu iko na kazi yake. Hapana kumusimamisha mu njia anangoja mapasa bafike. Anatafuta mbuzi yake, anatwanga majani yake ya sombe. Mapasa banamukuta pale."

Kati ya wapita njia hao, mmoja anawapita wote kwa kupendwa. Anaitwa Mama Iko. Pacha wakikwama kabisa humkuta pembeni ya maji, mikono imejaa mihogo iliyolowekwa. Wanamuuliza, "Mama, njia iko?" Anajibu, "Iko," akiwaonyesha kwa kidevu. "Chakula iko?" "Iko." Hasemi jingine. Pacha wanaendelea na safari, naye anaendelea na mihogo yake.

Kuwa Mama Iko ni heshima ya mwaka. Leo imeahidiwa kwa Apollinarie, ndiyo maana tangu saa moja hajakohoa.

Watoto hawajui alikotoka Mama Iko. Gloriose anajua. Alimsimulia mwandishi jana jioni, watoto walipokuwa wameondoka, na vidole vyake vikapunguza mwendo kwenye uzi.

Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia katika bonde la Ruzizi na askari wakaja nyuma yao. Siku ya soko, Luvungi, risasi zikalia. Gloriose alikuwa upande huu wa vibanda, Generose, wakati ule wa miaka mitano, alikuwa upande ule na watoto wa jirani. Watu wakakimbia kila mmoja na upande wake. Moshi ulipopungua, mtoto hakuwepo.

"Nilikimbia mu mashamba ya pamba, naita tu," anasema. "Kila muntu namuuliza. Bengine hawanijibu, nabo iko banatafuta babo. Nikafika Katogota. Pale ku kijito nikaona mama moja anatoa mihogo mu maji. Vita yote ile, yeye anatoa mihogo. Nikamuuliza bila pumzi, 'Mama, mutoto iko?'"

Mwanamke yule hakuuliza mtoto gani wala wa nani. Alimtazama mara moja tu.

"Akasema, 'Iko.'"

Generose alikuwa nyuma ya jamvi la kuanikia, ameketi chini, amepewa muhogo aumenye. Watoto wa jirani walikuwa wamempoteza njiani, akafuata watu mpaka miguu ikakataa. Gloriose alimbeba mgongoni, akauliza neno la pili: kuna njia ya kuvukia mto Ruzizi, kule mpakani? "Iko," akajibu mwanamke yule, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, akaonyesha kwa kidevu. Mama na mtoto walivuka Ruzizi pale walipoonyeshwa, wakaenda kukaa ukimbizini Burundi mwaka mmoja na nusu.

"Sikumuuliza jina," anasema Gloriose. "Hata aksanti sikusema. Nilikuwa naangalia maji tu."

Generose sasa ana miaka kumi, anasoma darasa la nne. Akiulizwa anachokumbuka, anatabasamu. "Nakumbuka ule muhogo. Nilikuwa nataka kuumaliza."

Amani iliporudi na Gloriose akahamia Uvira, jambo la kwanza alilofanya ni kupanda gari hadi Katogota akiwa na kitenge kipya cha kumpa mwanamke yule. Aliuliza nyumba hadi nyumba. Watu wakamuuliza anayemtafuta ni nani. Akasema hajui jina, ila ni mama aliyekuwa akiloweka mihogo.

"Balicheka," anasema, naye anacheka. "Balisema, 'Mama, hapa nani haloweke mihogo?' Bengi walikuwa hawajarudi. Nyumba zingine majani tu. Nikarudi na kitenge yangu."

Kitenge hicho bado kimo sandukuni, na hakijavaliwa.

Tenda wema nenda zako, wamesema wahenga. Lakini hawakusema kwamba aliyetendewa naye aende zake. Gloriose hakukubali kwenda zake. Akamweka mwanamke yule kwenye hadithi ya watoto, kwa hesabu yake mwenyewe: watoto hurudi makwao, likizo huenda kwa bibi zao bondeni, huko husimulia. Neno hutembea. Siku moja litafika kwenye kijito fulani, na mama fulani atainua kichwa.

"Na pale njo nitakuwa nimemushukuru," anasema.

Mwaka huu njia fupi zaidi ilijitokeza. Kikundi cha walimu kinatengeneza kijitabu cha kusoma kwa shule za bondeni, Luvungi na Katogota zikiwemo. Mwalimu Onesphore Niyibizi, ambaye binti yake husukwa hapa, alisikia habari za pacha nyumbani mpaka akachoka, kisha akaanza kuziandika. Gloriose alikubali kwa furaha. Lakini juma lililopita aliletewa habari: karatasi ni chache, hadithi imebidi ipunguzwe, na wa kwanza kuondolewa ni Mama Iko.

Hakumwambia mwalimu chochote. "Nilifikiri ni mambo yangu tu," anasema. "Yeye iko na kazi ya batoto bengi." Lakini tangu siku ile, majirani wanasema, mkono wake umekuwa mzito na vichwa vinachelewa kumalizika.

Saa nne kasoro Mwalimu Onesphore anaingia uani, karatasi mkononi, uso umejaa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Ni mtu mpole, mwembamba, anayeomba radhi hata kwa kuku aliyemkatisha njia. Anawaomba wasichana wasikilize, maana hao ndio wasomaji wake wa kwanza.

Anasoma vizuri. Chui anatisha, mwizi wa ngoma anachukiza. Pacha wanafika mtoni, ukungu umetanda, mwizi yuko nyuma yao. "Pacha wakavuka wakafika ng'ambo salama," anasoma, na kugeuza karatasi.

"Mwalimu," anasema Murekatete, msichana mkimya ambaye wazazi wake ni wafugaji walioshuka kutoka milimani, "nani alibaonyesha pa kupitia?"

"Hakuna. Walivuka wenyewe."

"Na Mama Iko?"

Mwalimu anaeleza kwa upole. Karatasi hazitoshi. Mama yule ni mzuri, lakini hafanyi kitu katika hadithi. Anasema neno moja tu, na lenyewe ndilo wanalokatazwa kila siku darasani: mtu ni yuko, njia ni ipo, si kila kitu iko.

Hapo Apollinarie anainua kichwa ghafla, uzi unamponyoka msusi na suko zima linafumuka.

"Kwa hiyo minye nilitulia bure?"

Kicheko kinapita uani, ila Gloriose hacheki. Anakirudisha kichwa cha mtoto magotini, anaokota uzi, na bila kuinua macho anaanza kumsimulia mwalimu habari za soko la Luvungi. Anasimulia kwa sauti ile ile ya hadithi za Jumamosi, na wasichana wanasikiliza kama Jumamosi nyingine, mpaka wanapomtambua mtoto wa nyuma ya jamvi kuwa ni Generose wanayecheza naye. Apollinarie analia kimya kimya, na safari hii si kwa sababu ya nywele.

"Weye unasema hafanye kitu," Gloriose anamalizia. "Ni kweli, mwalimu. Yeye alikuwa anafanya mihogo yake. Mu hadithi yake ule mama, minye njo muntu wa kupita. Lakini bila yeye, huyu mutoto hakuna. Na kama mutoto hakuna, minye sisuke tena muntu, na mapasa banatoka wapi?"

Mwalimu Onesphore anakunja karatasi zake polepole. Anakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo lisilo la kawaida yake.

"Vita ile, mimi nilikimbilia juu milimani," anasema. "Nilikuwa nimeumia mguu. Mzee mmoja wa ng'ombe alinikuta njiani, akanipandisha kwake. Nilikunywa maziwa yake mpaka mguu ukapona. Nilimwita baba tu. Jina lake sikuliuliza." Anamgeukia Murekatete. "Alikuwa na ng'ombe wengi."

"Mwalimu," anasema Murekatete, "kwetu nani hana ng'ombe?"

Safari hii hata Gloriose anacheka, na mwalimu anacheka mpaka anafuta macho kwa kiganja.

Linalofuata ni mashauri mafupi. Mama Iko atarudi, na neno lake litabaki lilivyo. Kwingine kote kijitabu kitasema kama shule inavyotaka, lakini yeye atasema *iko*, na mwalimu mwingine akiuliza, Onesphore atajibu mwenyewe. Karatasi hazitaongezeka, kwa hiyo kitu kingine lazima kitoke. Mwalimu anapendekeza Bukuru asipigane na mamba.

Wasichana wanamlilia mamba wao kwa dakika chache. Kisha Apollinarie, mwenye Jumamosi yake ya kulinda, anakata shauri. "Mamba aende. Mapasa banaweza kuishi bila mamba."

"Aksanti, mwalimu," anasema Gloriose. Analisema kwa kukaza, kama mtu aliyewahi kulisahau mara moja na hataki tena.

Vijitabu vinatarajiwa kufika bondeni shule zitakapofunguliwa. Gloriose amepanga kwenda navyo. Atachukua kitana chake, uzi wake na kitenge cha sandukuni, aketi pale kijitoni Katogota, pembeni ya mashimo ya mihogo, amsuke bure kila mama atakayependa. Wakati anasuka, Generose atawasomea. Gloriose hatauliza jina la mtu. Atasubiri tu kuona nani atakayeacha mihogo na kusikiliza.

"Sura nimeanza kuisahau," anakiri. "Lakini nikisikia ile sauti, hata neno moja, nitajua."

Jua limepanda, kichwa cha Apollinarie kimekamilika na cha Murekatete kimeshika nafasi yake. Mwandishi anamuuliza swali ambalo pengine halikupaswa kuulizwa. Vita ile ilichukua wengi. Je, mama yule yuko kweli?

Gloriose hasimamishi kazi. Mikono yote miwili imejaa nywele na uzi, kwa hiyo anainua kidevu kuelekea kaskazini, upande wa barabara ya Katogota.

"Iko," anasema.