Mama Tamanda na Salamu Niliyoiandika

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenitunza kazini miaka yote, akaniachia na akili ya kukumbuka. Sifa zimfikie yeye kwanza, ndipo nisimulie.

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uhamiaji hapa Eldoret, karani mkuu alinipa kalamu na rundo la majalada. Akasema, "Kijana, andika kilichosemwa. Usiandike unachofikiria." Neno hilo nikaenda nalo Malaba, nilikogonga mihuri mpakani kwa miaka mingi, na nikarudi nalo Eldoret nikiwa mkaguzi. Mkaguzi huhakikisha kila mgeni anafanya kile tu ambacho kibali chake kinaruhusu. Kuna kibali cha kazi, na kuna kibali cha mtegemezi, anachopewa mke au mume wa mgeni aliyeajiriwa. Mtegemezi aliruhusiwa kuishi nchini. Kufanya kazi hakuruhusiwa, hata kazi ya bure.

Mwanzoni mwa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilituchosha sote. Pale Huruma nilikoishi, niliona majirani wakiondoka na magodoro kichwani. Ofisi ilipofunguliwa tena, barua ya kwanza mezani kwangu haikuwa na jina la mwandishi. Ilisema kuna mwanamke wa Malawi anayetibu watu katika kambi ya waliokimbia vurugu, bila kibali cha kazi.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mzee aliyeungua mkono. Watu walimwita Mama Tamanda, kwa jina la mtoto wake. Kwao alikuwa muuguzi. Hapa alikuwa na kibali cha mtegemezi tu, mke wa mwalimu wa chuo, wakiishi Munyaka.

"Habari ya kazi, Mama?" nikamwamkia.

"Kazi ni nzuri, baba. Tunamshukuru Mungu."

Nilimhoji, nikarudi ofisini, nikaandika yote kuanzia hiyo salamu. Afisa mkuu alisoma mistari miwili tu, akafunga jalada.

"Amekiri. Tayarisha notisi ya kuondoka nchini."

"Mkuu, hiyo ni salamu tu. Hata mtu wa likizo huulizwa habari ya kazi."

"Na wewe tangu lini unaweka salamu kwenye jalada? Kesho utaniandikia na vile alikunywa chai?"

Mama wa watu angefukuzwa nchini, atenganishwe na mumewe, kwa sababu alinijibu kwa adabu. Niliomba sana, kisha nikaandika maelezo ya nyongeza: neno "kazi" nililitoa mimi, na kosa ni langu. Nilisaini nikijua karatasi hiyo itaingia hata katika jalada langu, na cheo nilichokuwa nakisubiri kitanipita. Kilinipita.

Afisa mkuu aliisoma polepole. "Mzee, umenichosha," akasema. "Haya, abaki. Lakini asiguse mgonjwa mwingine mpaka apate kibali cha kazi. Barua umpelekee mwenyewe."

Nilimfikia akimfunga msichana mmoja bandeji mguuni. Alisoma barua, akaniangalia.

"Nimalize huu mguu?"

"Barua inasema kuanzia leo, Mama."

Aliweka bandeji juu ya sanduku, akaficha mikono nyuma. Mguu ulikuwa umefungwa nusu. Nikavua koti, nikapiga magoti.

"Anzia chini," akaniambia. "Sasa vuta. Aii, Mzee! Unamfunga kama gunia la mahindi!"

Msichana akacheka. Mama mmoja wa pale kambini akanisukuma kando: "Toka hapo, nipe mimi. Hawa wanaume!"

Tangu siku hiyo akina mama wa kambi ndio waliosafisha vidonda, na Mama Tamanda akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, akielekeza kwa mdomo. Kama kuelekeza nako ni kazi, sikuuliza. Kibali chake kilifika wakati kambi imeshavunjwa na watu wametawanyika.

Sasa nimestaafu. Sheria ile niliisimamia, na bado naamini mgeni anapaswa kuwa na kibali. Lakini ninapokaa kanisani nikitazama mikono yangu, naona ilikuwa huru siku zote, na iligonga mihuri tu.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki. Na kama mikono yako haizuiwi na yeyote, akupe na moyo wa kuitumia. Amina.