Duara Safi Kwenye Kisahani

Miaka ya tisini ikiisha, nilikuwa fundi wa maabara katika shule moja hapa Machakos. Rafiki wa pwani aliniletea nazi za makumbi, yale maganda ya nyuzinyuzi, nikataka kujua kama zinaua vijidudu. Nilichovya karatasi moja kwenye maji ya nazi, nyingine kwenye maji ya makumbi yaliyochemshwa, nikaziweka kwenye kisahani chenye vijidudu. Ya maji ya nazi haikufanya kitu. Ya makumbi ilizungukwa na duara safi.

Nilifurahi kama mjinga. Jumamosi nilikibeba kisahani hadi Masii, nikamwonyesha mama. Yeye alikuwa na sukari, na kidonda cha mguu kilichokuwa kikisafishwa zahanati. Alilitazama lile duara kwa muda mrefu, kisha akaniomba makumbi yaliyobaki, ati ya kuwashia moto. Nikampa.

Jumanne, kazini, nikakuta vijidudu vimerudi ndani ya duara. Niliona aibu. Nikajiambia nitamweleza mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi nilimkuta hawezi kusimama. Zahanati alikuwa ameacha kwenda. Kidonda alikiosha kwa makumbi yangu.

"Mwaitu, mbona hukuniuliza?" nikafoka. Nilimfokea mama mgonjwa!

"Nikuulize nini, mwanangu? Si ulinionyesha?"

Alifia hospitali siku ya tatu, akiwasihi wauguzi wanipishe nipite, kwa maana mimi ndiye mwenye dawa.