Upepo Aliojaza Kitwana

Tairi la nyuma lilipasuka pale Kerege, mchana kweupe. Kishindo chake kilimfanya mama lishe mmoja amwage chai ya watu.

Canter yangu ya mizigo ikayumba, ikalala ubavu mtaroni. Chumvi yote chini. Watu wakaja mbio, wengine kunitoa, wengine na ndoo zao.

Sijakaa sawa, simu ikaita. Kitwana.

"Pole swahiba wangu, hujaumia?"

Nililia, jamani. Nikasema huyu ndiye ndugu.

Sasa ngojeni niwaambie nilivyokuwa fala.

Naitwa Mtoro. Mimi na Kitwana tulikuwa tunabeba chumvi ya Mzee Masoud kutoka mashambani, upande wa Mbegani. Mzee alikuwa amenunua lori jipya, Fuso, na wiki ile angemkabidhi mmoja wetu. Atakayeipata ana ajira ya kudumu. Atakayebaki ni kibarua tu.

Kule mashambani ni mchanga mtupu. Unapunguza upepo, tairi linatanuka, gari halizami. Ukifika lami na mzigo, unajaza tena. Usipojaza, tairi linajikunja, linachemka, linapasuka. Lori la Kitwana lina mtungi wa upepo, kwa hiyo siku zote nilikuwa navuta mpira kwake.

Siku hiyo tumefika lami, adhana ya adhuhuri ikatukuta.

"Nenda kaswali," akaniambia. "Nipe geji yako ya kupimia upepo, nakujazia."

Natoka msikitini, namkuta anakunja mpira.

"Freshi kabisa, swahiba. Kaza mwendo."

Sikupima. Nipime kazi ya swahiba wangu? Nikawasha; yeye, aliyenisindikiza na lori tupu ili anijazie, akarudi Mbegani kupakia.

Baada ya ajali Mzee Masoud alikuja na Kitwana. Akapima matairi yaliyobaki. Yote laini.

"Mtoro, umepita lami na upepo wa mchangani?"

"Mzee, Kitwana ndiye aliyejaza."

"Mimi?" Kitwana akashika kifua. "Wallahi hakuniambia lolote!"

Aliapa huku ananitazama machoni.

"Gari lako, matairi yako," mzee akanijibu. Fuso akapewa Kitwana.

Nyumbani bado nilikuwa namtetea. Labda alisahau, akaogopa kusema. Mke wangu Sihaba akaniangalia.

"Siku ile ulimpigia wewe?"

"Hapana, yeye ndiye alinipigia."

"Nani alimwambia kama umeanguka?"

Hakuna aliyemwambia. Vumbi lilikuwa halijatulia, na mtu yuko Mbegani ananipa pole. Alikuwa anaisubiri ajali yangu.

Imeniuma kuliko hizi mbavu.

Jana kapita na Fuso yake, kasimama mlangoni kwangu, hodi kwa adabu zote.

"Swahiba, geji yako bado ninayo. Acha nikae nayo, au siyo? Wewe sasa hivi huna gari."

Madereva wenzangu, rafiki mpendeni, kuleni sahani moja. Lakini tairi lako shuka upime mwenyewe, hata kama aliyejaza ni mtu unayemwita ndugu.