Mkalimani Aliyebaki Nje

Nimeishi Nyashimo, Mwanza na miji mingine ambayo niliihama kabla sijaizoea, lakini msimu wa pamba hunirudisha Bariadi. Mwaka huu nilifikia Somanda kwa dada yangu. Nilimkuta binti yake ameinamia kompyuta. Kesho yake ununuzi wa pamba ungefunguliwa kwenye kituo cha Sapiwi.

Mpwa wangu alikuwa amewaomba viongozi wa ushirika wamruhusu kufunga kwenye mzani kikompyuta cha ukubwa wa kiganja, kitakachotaja uzito kwa Kisukuma. Alimfikiria mama yangu, bibi yake, asiyejua kusoma tarakimu. Miaka yote mama huuliza pale mzanini, "Imesemaje?" na kuamini anachojibiwa. Viongozi walikubali, ila kisiposema siku ya kwanza, king'olewe.

"Si utengeneze programu humo humo kwenye hicho kidogo?" nikamuuliza.

"Nimejaribu, mjomba. Kinachemka, kisha kinaganda. Natengenezea kwenye hii kubwa. Shida ni kwamba prosesa zao, yaani bongo zao, zina lugha mbili tofauti, kwa hiyo nimeiwekea hii mkalimani, programu inayoiga prosesa ya kile kidogo."

"Kama kanisani."

"Hasa!"

Kwetu mhubiri mgeni husema sentensi kwa Kiswahili, mkalimani wake huirudia kwa Kisukuma, na ibada hurefuka mpaka watoto wanasinzia.

Ndani ya kompyuta alikuwa ametenga chumba ambacho vyote vilivyomo vilikuwa vya lugha ya kile kidogo. Akaamuru kazi ianze. Kompyuta ikajibu kwamba faili halipo. Akalitafuta, lipo. Akaamuru tena, jibu lile lile. Mimi ningeshafunga begi. Yeye alivuta kiti karibu, akasoma mstari kwa mstari, kisha akapiga meza.

"Mkalimani nimemwacha nje ya mlango! Nimemsajili, lakini akiitwa humu chumbani hayupo."

Akamsajili upya, akaongeza herufi moja tu, inayoiambia kompyuta imshike mkalimani mkono tangu wakati wa kusajiliwa, popote atakapoitwa. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, polepole.

"Mahubiri yameanza," nikasema.

"Na leo sadaka ni mbili, hatutoki mapema," akajibu bila kugeuka.

Sijawahi kuona mtu akingoja vizuri vile. Nimefanya kazi na mafundi wengi barabarani, na wengi wao, nikiwemo mimi, huanza kugonga kitu kikikawia.

Asubuhi, Sapiwi, kile kidogo kikiwa kimeshafungwa kwenye mzani, mama akaweka furushi lake la pamba mzanini. Kimya. Karani wa mzani akamtazama mpwa wangu. Kisha sauti ya mpwa wangu ikatoka kwenye kile kidogo, ikataja kilo kwa Kisukuma.

"Wee! Umeingiaje humo?" mama akashangaa.

"Bibi, shusha furushi, wenzako wanasubiri," karani akasema.

"Na wewe subiri. Kirudie."

Kikarudia, kilo zile zile. Mama akaitikia kwa kichwa, akashukuru. "Wabeja, mjukuu wangu."

Jirani yetu aliyekuwa nyuma kwenye foleni akanigusa bega. "Imesemaje?"

Kabla sijafungua mdomo, mama alikuwa ameshamjibu.