Sehemu ya Mulongo

Moshi wa kuni mbichi ukinifikia, hata leo nikiwa ndani ya gari langu na vioo vimefungwa, mkono wangu huanza kupepea wenyewe. Ni mazoea ya Yamumbi, mtaa wa pembeni mwa Eldoret, msimu ule wa mvua nyingi nilipokuwa na miaka saba. Tulipanga chumba kimoja cha mbao katika ploti ya vyumba vilivyofuatana kama mabehewa. Mimi na dada yangu ni pacha, kwa hiyo kwa desturi ya kwetu Bungoma nikaitwa Mukhwana, yeye Mulongo. Tulizaliwa kabla miezi haijatimia. Mimi nilipata nguvu upesi, lakini yeye alibaki na mapafu dhaifu, miguu iliyokakamaa, na koo lisilomudu chakula kigumu. Alilishwa uji kwa kijiko, polepole, hata uji ukapoa na kupashwa tena.

Mama peke yake hangeweza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wanawake wa ploti ile hawakuijua methali hiyo, au waliijua wakaikataa. Moshi ulimkaba Mulongo, basi wote wakahamisha majiko yao hadi kibanda cha Mama Chebet, jirani yetu wa mwisho kule karibu na ua. Mvua ikinyesha walikimbiza sufuria matopeni huku wakicheka. Asubuhi mmoja alimshika Mulongo ili mama aoge, mchana mwingine akafua nepi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Ila walikuwa na utani wao, maana mimi nilikuwa mnene, mashavu yamejaa. "Huyu alikula sehemu ya mwenzake tumboni," Mama Chebet alipenda kusema akinifinya kitambi. "Wewe Mukhwana, mrudishie dada yako!" Wote walicheka. Mimi niliamini.

Siku moja mama alipokwenda kuteka maji mferejini, nilichukua hindi langu la kuchemsha, nikapukuchua punje laini kuliko zote, nikaanza kumpa Mulongo moja moja. "Kula, ni yako," nikamwambia. Alifurahi jamani, akafungua mdomo kama kinda la ndege. Kisha akanyamaza. Macho yakamtoka, midomo ikawa rangi ya wingu la mvua. Nilipiga kelele. Mama Chebet alikuja mbio, mwiko bado mkononi, akamlaza kifudifudi pajani na kumpiga mgongoni mpaka punje ikaruka. "Ulikuwa unafanya nini?" akaniuliza akihema. Nikamjibu, "Nilikuwa narudisha." Alikaa chini palepale kwenye matope. Punje nyingine ilikuwa imeingia kifuani, na Mulongo akalazwa hospitalini mpaka mahindi ya mashambani yakakauka. Alirudi amekonda, lakini alirudi. Utani ule sikuusikia tena, na ukimya wao uliniuma kuliko kiboko.

Mama hakunichapa. Alinipa kijiko, akanifundisha kumlisha, na nilipofika darasa la tano niliacha shule ili nibaki naye, mama akatafute vibarua. Sijutii. Muulize mtu yeyote mjini Eldoret: sina hata cheti kimoja, lakini nina duka la vifaa vya ujenzi, nina malori, na wenye digrii huniamkia. Mulongo anaishi kwangu, ana kiti cha magurudumu na mdomo mkali kama wembe. Lakini hata nikiwa karamuni na sahani imejaa nyama, siwezi kumeza kabla sijapiga simu nyumbani kuuliza kama amekula.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba msichana mmoja anayepanga kwenye ploti yangu amejifungua kabla ya wakati, na mtoto ameruhusiwa kutoka hospitali pamoja na mtungi wa oksijeni. Nilimtumia pesa kwa simu, si kidogo, nikajisifu mezani. Mulongo akaweka kijiko chini. "Na nani anamshika mtoto mama yake akioga?" "Sijui." "Nyumba umejenga wewe, na hujui?" Ndiyo, nimejenga mimi. Kila mlango una jiko lake, bafu lake na kufuli lake. Ndivyo nilivyojivunia: kwangu hakuna mtu wa kumsumbua mwenzake.

Tulikwenda kesho yake. Msichana alifungua mlango, nywele hazijaona kitana, akanitazama kwa hofu. "Mzee, kodi nilituma juzi." Hiyo ndiyo salamu niliyopata. Mulongo akanyoosha mikono yake iliyopinda. "Lete mtoto, mama. Nenda ukaoge." Msichana aliniangalia mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, nikainamisha kichwa. Maji yalisikika bafuni kwa muda mrefu sana. Muda huo wote nilisimama na viatu vyangu vinavyong'aa, sijui pa kuweka mikono, mpaka Mulongo aliponionyesha beseni la nepi kwa kidevu.