Diski ya Pili Iliyogoma Bungoma

Ningependa sana habari hii izikwe kimya kimya, lakini kwa kuwa akina mama wenzangu wa kanisani hapa Kitale wanaisimulia kwa chumvi nyingi, heri niiseme mwenyewe ilivyokuwa, aibu yake ikiwemo.

Binti yangu Nekesa aliolewa Jumamosi ya pili ya Desemba. Mama mkwe wake, Mama Wafula, hakuhudhuria, maana alibaki kwake Bungoma na akina mama wengine kuandaa mapokezi ya bibi harusi, naye aliniomba jambo moja tu: nimpelekee video ya harusi kwenye diski, kwa sababu sebuleni kwao kuna mashine ya DVD. Faili niliyopewa na mpiga picha ilikuwa kubwa mno kwa diski moja. Fundi wa studio angeigawa vizuri, lakini mimi (mjane niliyerudi shule nikiwa tayari nyanya, nikatoka na cheti cha kompyuta ambacho nimekitundika kando ya picha ya marehemu) nilisema, fundi wa nini?

Programu iliniuliza kama igawe faili sehemu mbili sawa, nami nikakubali, maana usawa ni jambo jema. Sehemu ya kwanza niliibadilisha iwe ya aina inayosomwa na DVD, kazi ambayo ilikula mchana mzima. Ya pili niliinakili vilevile tu, nikijiambia kwamba hawa ni pacha, mashine ikimkubali mmoja itamkataaje mwenzake?

Jumapili ya kwanza ya Januari nikaketi kwa wakwe kama waziri. Wafula, mume wa Nekesa, alikuwa nje nyuma ya dirisha, kwa kuwa desturi yetu hairuhusu mkwe kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake. Diski ya kwanza ilicheza vizuri mpaka nilipotokea mimi, maiki mkononi.

"Wakwe zangu wa Bungoma," nilisema kwenye televisheni, "leo nitasema ukweli mbele ya Mungu. Niliambiwa nyinyi ni wachoyo, ati mgeni akija mnahesabu vipande vya nyama. Na sasa nimejionea kwa macho yangu kwamba..."

Kioo kikawa cheusi.

Msichana aliyekuwa akinipakulia kuku alirudisha paja kwenye sufuria.

"Umejionea nini, Mama Nekesa?" Mama Wafula aliuliza polepole.

"Iko kwenye diski ya pili!"

Diski ya pili iliingia, ikazunguka, ikanguruma, ikatemwa. Nikaipangusa kwa kitenge. Ikatemwa tena.

"Mama," Wafula aliita kutoka dirishani, akiwa ametupa mgongo kwa heshima, "hiyo ya pili ulibadilisha?"

"Ni pacha wa ile ya kwanza!"

"Ai, mama. Hiyo haiwezi soma."

Nikamwona binti yangu ameinamisha kichwa. Yeye ndiye angebaki na watu hawa. Ndipo nyanyake Wafula, tunayemwita Kukhu, akanyoosha fimbo yake.

"Si wewe mwenyewe uko hapa? Maliza!"

Nikasimama. "Kwamba huo ni uongo mtupu!"

"Kwa TV ulikuwa umeshika maiki," Kukhu alisema.

Nikapewa mwiko. Nikarudia.

"Halafu?"

"Halafu... nilicheza."

"Cheza basi, bana!"

Nilicheza (na mgongo wangu huu), Wafula akinipigia debe huko nje, kisha nikakata chapati badala ya keki na kumlisha Mama Wafula nikiwa nimepiga magoti, naye akacheka hadi akapaliwa. Paja la kuku lilirudi, likiwa na mwenzake.

Mwezi huo huo nilipeleka diski ya pili nzuri, iliyotengenezwa na fundi, lakini Kukhu ameikataa. Anasema ile ya pili aliyoiona haikukwama hata kidogo, na anauliza itarudi lini. Cheti nimekihamishia chumbani. Nami nimeapa kwamba sitagawa tena faili kabla ya kusikiliza ni nani anayezungumza pale katikati, na nikikuta ni mimi, moja kwa moja kwa fundi.